Upepo wa Barabara ya Igalula

Katika ukoo wetu ilikuwapo rekodi moja ya baiskeli, nayo ilikuwa yangu. Niliiweka mwezi wa Julai 1976, nikiwa kijana wa miaka 17, katika safari ya kutoka Igalula kwenda Tabora mjini. Nimeishi na sifa yake kwa zaidi ya miaka arobaini. Leo nataka kuieleza upya, kwa sababu sikuiweka peke yangu, na kwa sababu sifa ile ilimuumiza mtu.

Asubuhi hiyo bibi yetu alikuwa taabani. Treni ya abiria haikuwapo. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi mjini, na baba alinikabidhi baiskeli yake, Phoenix ya Mchina, nikamwambie kaka anunue dawa, kisha yeye mwenye miguu iliyokomaa arudi nazo upesi. Niliondoka saa mbili. Saa nne haijafika nilikuwa mjini, kijasho kidogo tu usoni. Kaka alifunga dawa na mfuko wa unga kwenye keria, akapanda baiskeli ile ile, akaondoka saa nne na nusu. Aliingia Igalula saa nane na nusu. Bibi alikuwa amekata roho saa nane.

Nilirudi kwa treni, nikayakuta maneno matangani. Mjomba wetu mmoja aliuliza mbele ya watu: "Mdogo hakutimiza saa mbili. Mkubwa katumia saa nne. Barabara ni moja, baiskeli ni moja. Huko njiani kuna nini?" Wapo waliojibu kwa kunong'ona kwamba kuna vilabu vya pombe. Kaka aliinamisha kichwa. Mimi nilinyamaza, maana kila alipolaumiwa yeye, nilisifiwa mimi. Tangu siku hiyo vijana wakaniita Mshale.

Msomaji atakuwa amekwisha kuhisi jambo ambalo sisi sote hatukulihisi. Igalula iko kusini-mashariki mwa Tabora. Wakati wa kiangazi, pwani wanapokuwa na kusi, kwetu Unyamwezi upepo huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, nao huzidi kadiri jua linavyopanda. Mimi nilisukumwa mgongoni. Kaka alisukumwa kifuani, tena mchana.

Je, upepo peke yake waweza kuzidisha safari mara mbili? Nilipostaafu nikapenda kusoma habari za wapanda baiskeli wanaotafuta rekodi, na huko ndiko nilikopata jibu. Adui mkubwa wa mpanda baiskeli katika tambarare ni hewa. Ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, nguvu inayohitajika kuishinda hewa haiwi mara mbili, bali mara nane. Na hewa haijali mwendo wako juu ya ardhi tu, hujali pia mwendo wake yenyewe. Upepo ukiwa nyuma, ni kama hewa imepungua mbele yako. Ukiwa mbele, hata ukienda polepole unapigwa kama mtu aendaye mbio.

Nilikaa na kalamu nikakadiria. Tuchukue safari ya kilomita 40 katika barabara ya vumbi, na kijana aliyekaa wima, shati likipepea, miguu yake ikitoa nguvu ya wati 100, ambayo mtu mzima wa kawaida aweza kuidumisha kwa saa kadhaa. Pasipo upepo ataenda kama kilomita 18 kwa saa. Upepo wa kilomita 14 kwa saa ukimsukuma, atafika 24. Ukimkabili, atashuka hadi 12. Basi kwenda ni saa moja na dakika 40, na kurudi ni saa tatu na dakika 20. Miguu ni ile ile. Ongeza mfuko wa unga, mchanga, na upepo wa adhuhuri, utaziona saa nne za kaka yangu bila kupita kilabuni.

Hesabu hiyo ilinifundisha na jambo la pili: upepo haurudishi ulichokopa. Kijana huyo akienda na kurudi atatumia saa tano, wastani wa kilomita 16 kwa saa, wakati siku isiyo na upepo angepata 18. Sababu ni kwamba muda wa kuteseka ni mrefu kuliko muda wa kustarehe.

Wakubwa wa mchezo huo wanayajua haya vizuri. Mwaka 1899 Mmarekani Charles Murphy alipanda baiskeli nyuma ya behewa la treni huko Long Island, akamaliza maili moja kwa sekunde 57 na kitu. Miguu ilikuwa yake, lakini hewa ilipasuliwa na treni. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, akaenda kilomita 49.431 kwa saa moja. Nako Uingereza wako wanaoshindana kuvuka nchi nzima, kutoka Land's End kusini-magharibi hadi John o'Groats kaskazini. Wengi huchagua kwenda kaskazini, kwa kuwa upepo wa huko hutoka mara nyingi kusini-magharibi, na hungoja utabiri mzuri wa hali ya hewa kabla ya kuanza. Mwaka 2018 Michael Broadwith aliimaliza njia hiyo, zaidi ya kilomita 1,300, kwa saa 43 na dakika 25. Hakuna anayemwita mdanganyifu, maana wote wanajua kwamba upepo ni sehemu ya rekodi. Kosa langu halikuwa kusukumwa. Kosa lilikuwa kupokea sifa kana kwamba sikusukumwa.

Na kwetu kosa hili ni la zamani kuliko baiskeli. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ya kutoka pwani ilipita Tura, Rubuga na Kigwa, majirani zetu, hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba, baada ya siku 134. Stanley mwaka 1871 alitumia siku zisizofika 100. Ukiweka tarakimu hizo mbili bega kwa bega, utasema Stanley alikuwa hodari na wenzake walikuwa wazito, kama mjomba wetu alivyosema matangani.

Lakini Stanley alikuwa na upepo mgongoni. Kitabu cha Burton kilikwisha kuchapishwa mwaka 1860, hivyo vituo na maji na desturi za hongo zilijulikana. Zaidi ya hayo, kiongozi wa watu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, yule yule aliyeifuata njia hiyo pamoja na Burton na Speke. Alichojifunza Bombay kwa siku 134 kilimfaa Stanley baadaye. Na nguvu yenyewe ya safari ilikuwa ya wapagazi, Wanyamwezi na Waungwana, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Majina yao mengi hayakuandikwa. Mwendo wao ukaitwa mwendo wa Stanley.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilifunga kitabu. Niliona kwamba nimekuwa nikiwalaumu wazungu wa karne ya kumi na tisa kwa jambo nililolifanya mimi mwenyewe nyumbani kwetu.

Kiangazi kilichofuata nilisafiri kwenda kwa kaka. Amezeeka, magoti yanamsumbua, lakini macho yake ni makali. Nilimwandikia hesabu zile kwenye karatasi, kilomita na saa, kwenda na kurudi. Alizisoma kimya. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Nilipaswa kusema siku ile."

"Ungesema nini?" akauliza. "Hukujua."

"Nilijua kwamba wewe si mlevi. Hilo halikuhitaji hesabu."

Alikaa kitambo. Kisha akasema kwamba upepo aliujua tangu alipopita nyumba za mwisho za mji, na kwamba mahali pengine alishuka akaisukuma baiskeli, akilia. Hakumwambia mtu, kwa kuwa mbele ya maiti ya bibi, kuutaja upepo kungeonekana kutafuta kisingizio.

Karatasi ile aliikunja akaitia mfukoni. Jioni yake walipokuja wajukuu kutusalimu, mmoja akaniita Babu Mshale, kama walivyozoea. Nikamwambia akae chini, nikamsimulia safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.