Macho ya Watu 17 Ndani ya Ndoo ya Rangi

Nilipoacha chuo nilikuwa na mali mbili: simu, na diposi ya shilingi 7,500 iliyokuwa mikononi mwa landilodi. Hiyo diposi ndiyo ingenipatia chumba kingine. Shida ni kwamba juu ya kitanda nilikuwa nimebandika ramani ya Afrika kwa gundi kali, na nilipoibandua ilitoka na rangi ya ukuta, ikaacha kidonda ukubwa wa sinia. Keateka alisimama mlangoni akasema, "Kijana, hii ukuta irudi vile ilikuwa. Ama usahau hiyo pesa."

Irudi vile ilikuwa. Haya, ilikuwaje? Krimu. Lakini ingia hadwea yoyote Nairobi uitishe krimu, utaulizwa krimu gani. Nikapiga ukuta picha usiku, kesho yake nikaenda nayo dukani, tukailinganisha na kadi ya rangi chini ya taa za pale, nikanunua kopo la lita moja. Jioni hiyo kiraka kilikaa poa kabisa. Asubuhi nikafungua pazia. Kilikuwa kijani-kijani, kama choa kwenye kichwa cha mtoto.

Nikaanza kusoma kuhusu rangi, kwa masaa ambayo ningekuwa natafuta kazi.

Sisi Waswahili hutaja rangi kwa kunyoosha kidole. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na damu ya mzee, hiyo haihitaji mkalimani. Mfumo huu hufanya kazi mpaka mtu aulize: mzee yupi? Mchoraji na mwalimu wa Boston aliyeitwa Albert Munsell alikerwa na tabia kama hiyo katika Kiingereza. Mwaka 1905 alichapisha kitabu chembamba akitaka kila rangi ipewe vipimo vitatu: ni ya ukoo gani, ina mwanga kiasi gani kati ya nyeusi na nyeupe, na imekolea kiasi gani. Ilikuwa hatua kubwa, ila jicho bado lilibaki kuwa hakimu. Ulishika kipande cha karatasi iliyopakwa rangi, ukakiweka kando ya ukuta, ukakaza macho.

Lakini jicho la nani? Hapo ndipo hadithi hunichekesha. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Uingereza, watafiti wawili, David Wright na John Guild, kila mmoja kivyake, waliwaketisha watu mbele ya chombo cha kuchungulia. Upande mmoja kulikuwa na mwanga wa rangi moja safi. Upande wa pili mtu alichanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu mpaka pande zote mbili zifanane. Eneo aliloliona halikuzidi upana wa ukucha wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Wright alikuwa na watu 10, Guild 7. Matokeo yao yalikaribiana vizuri, na mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ikayaunganisha na kuunda mtu ambaye hajawahi kuzaliwa: mtazamaji sanifu. Mwaka 1964 aliongezwa mwenzake, anayetazama eneo pana zaidi, na vipimo vyake vilitoka kwa watu wengi zaidi. Hawa wawili ndio hukaa ndani ya mashine za kupima rangi mpaka leo. Ukiambiwa na mashine kwamba krimu yako "imefanana", anayesema ni yeye, si mama yako.

Mwaka huohuo wa 1931 Paul Kubelka na Franz Munk walichapisha hesabu ya rangi ya kupaka. Kuchanganya rangi ya kupaka si sawa na kuchanganya mwanga. Kila chembe ya rangi hufanya kazi mbili: humeza mwanga na huutawanya. Taitaniamu dioksidi, ule unga mweupe unaofanya rangi ifunike ukuta, hutawanya sana na humeza kidogo. Nyeusi ya masizi hula karibu kila kitu. Ukijua kila chembe inameza na kutawanya kiasi gani katika kila wimbi la mwanga, unaweza kukokotoa mchanganyiko kabla hujafungua kopo. Kukokotoa kwenyewe kulikuwa kazi ya kuchosha, hadi mwaka 1958 kampuni ya Davidson na Hemmendinger huko Marekani ilipotoa COMIC, kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Basi nikaelewa kosa langu. Krimu yangu na krimu ya ukuta zilikuwa zimetengenezwa kwa chembe tofauti. Chini ya taa ya duka na balbu yangu zilifika kwenye jicho zikiwa sawa. Chini ya jua, lenye mawimbi kwa kiwango kingine, zikaachana. Wataalamu huita hali hiyo metamerizimu. Picha ya simu nayo haikunisaidia, maana kamera hujirekebishia rangi bila kukuuliza.

Nikarudi dukani na kipande cha rangi ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, nilichokikwangua kando ya kile kidonda. Si nyuma ya kabati, kwa sababu pale ukuta ulikuwa bado mpya, na mimi nilitaka ukuta uliochoka. Yule dada akakiweka chini ya mashine, ikakimulika, kompyuta ikatoa fomula: beseni nyeupe, matone ya njano ya oksidi ya chuma, nyeusi kidogo mno, na nyekundu ambayo singewahi kuiwazia. Kopo likatikiswa mpaka meza ikatetemeka. Fundi mmoja aliyekuwa akisubiri undakoti akaniangalia. "Kijana, usipake kiraka. Paka ukuta mzima, kona hadi kona. Jicho hukamata mpaka wa rangi. Kwa kona litadhani ni kivuli."

Mashine ya mamilioni, na ushauri ulioniokoa ukatoka kwa mzee mwenye kofia ya gazeti.

Nikapaka kona hadi kona. Ikiwa mbichi ilionekana nyeupe mno, nikashikwa na jasho. Ikakauka, ikazama mahali pake. Nilimwomba keateka aje asubuhi, jua likiwepo. Akaja saa mbili usiku na tochi ya simu, akamulika ukuta juu hadi chini, akanyamaza. Kisha akageuka.

"Na hii sinki ya choo, ilipasuka lini?"