Haiti: Mchele Uliingia, Watu Wakarudishwa

Machi 2010, miezi miwili baada ya tetemeko la ardhi kuubomoa mji wa Port-au-Prince, Bill Clinton aliketi mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti ya Marekani akakiri jambo ambalo wakulima wa Haiti walikuwa wakilipigia kelele kwa muda mrefu. Sera ya biashara aliyoisimamia akiwa rais, alisema, huenda iliwafaa baadhi ya wakulima wa jimbo lake la Arkansas, lakini iliinyang'anya Haiti uwezo wa kujilimia mchele wake.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpunga wa Bonde la Artibonite ulikaribia kuitosha nchi nzima. Dikteta Jean-Claude Duvalier alipoikimbia nchi Februari 1986, forodha zililegezwa kwa shinikizo la wakopeshaji, na mwaka 1995 ushuru wa mchele ukashushwa hadi asilimia 3. Ukamiminika mchele wa Marekani, unaolimwa na watu wanaopewa ruzuku na serikali yao. Wahaiti wakauita diri Miami, yaani mchele wa Miami, na bei yake ikaushinda ule wa kwao.

Pigo hilo halikuwa la kwanza. Miaka michache kabla yake, kwa hofu ya homa ya nguruwe ya Afrika, nguruwe weusi wa kienyeji walichinjwa karibu wote. Kwa mkulima wa Haiti nguruwe ndiye aliyekuwa benki: ada ya shule ikidaiwa, anauzwa. Nguruwe waliokuja badala yao kutoka Marekani walitaka chakula cha dukani na banda la saruji.

Misaada ya chakula iliingia katika mkondo huo huo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1954 iliyoianzisha ilikusudiwa pia kupunguza nafaka iliyofurika katika maghala ya nchi hiyo. Sisemi kila gunia la msaada ni mtego. Mama ambaye mwanawe analia njaa hana nafasi ya kuuliza nafaka imetoka wapi. Lakini hata Rais René Préval wa Haiti, Machi hiyo hiyo ya 2010, alionya kwamba chakula cha bure kikiendelea kuletwa kitawamaliza wakulima waliobaki.

Mkulima aliyeshindwa shambani alihamia mabanda ya Cité Soleil, mjini Port-au-Prince. Aliyeshindwa mjini, au aliyewindwa na askari wa Duvalier, alipanda mashua.

Desemba 1972 mashua yenye watu 65 ilitia nanga Pompano Beach, Florida. Wengi wakafuata, na serikali ya Marekani ikawapa jibu moja wote: hawa wanatafuta kazi, si wakimbizi. Mcuba aliyefika pwani hiyo hiyo alipokewa kwa sababu alikuwa amekimbia ukomunisti. Padri Gérard Jean-Juste na Kituo cha Wakimbizi wa Haiti mjini Miami wakaenda mahakamani, na mwaka 1980 Jaji James Lawrence King akaamua kwamba maelfu ya Wahaiti walikuwa wamebaguliwa katika maombi yao ya hifadhi.

Ushindi huo wa nchi kavu ulijibiwa baharini. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan alipatana na Duvalier kwamba Walinzi wa Pwani wa Marekani wazizuie mashua kabla hazijafika. Katika miaka kumi hivi walikamatwa Wahaiti zaidi ya 22,000; walioonekana kustahili kuomba hifadhi walikuwa 11. Mapinduzi ya Septemba 1991 yalipomwondoa Rais Jean-Bertrand Aristide, maelfu wengine wakaingia majini, na Mei 1992 Rais George Bush akaamuru warudishwe hata bila kuhojiwa. Clinton aliilaani amri hiyo kwenye kampeni, kisha alipoapishwa akaiendeleza. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale na mwalimu wao Harold Koh waliipinga hadi Mahakama Kuu, ambayo Juni 1993 iliiunga mkono serikali kwa kura 8 dhidi ya 1. Mwezi huo huo, hata hivyo, mahakama nyingine iliamuru waachiwe Wahaiti waliokuwa wamefungiwa katika kambi ya jeshi la Marekani ya Guantánamo, Cuba, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI.

Tetemeko la 12 Januari 2010 liliyaonyesha yote mawili, msaada na kurudishwa, kwa pamoja. Siku tatu baadaye Washington iliwapa Wahaiti waliokwisha kuwamo Marekani hadhi ya hifadhi ya muda, jambo ambalo watetezi wao walikuwa wameliomba kwa miaka. Lakini huku misaada ikigawiwa chini, ndege ya jeshi la Marekani ilizunguka angani ikitangaza kwa Kikrioli, kwa sauti ya balozi wa Haiti, kwamba atakayepanda mashua atarudishwa.

Tangu Rais Jovenel Moïse auawe Julai 2021, magenge yametwaa sehemu kubwa ya mji mkuu na barabara za kuusafirishia chakula. Polisi wa Kenya walianza kutua Port-au-Prince Juni 2024, wakiongoza kikosi ambacho hakikuwahi kupata watu wala fedha zilizoahidiwa. Kufikia mwaka 2025 watu milioni 5.7, karibu nusu ya taifa, walikuwa na njaa kali, na zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama makwao. Jamhuri ya Dominika jirani iliwafukuza Wahaiti zaidi ya 270,000 mwaka 2024 peke yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani sasa hununua sehemu ya chakula cha shule kwa wakulima wa Haiti wenyewe, na hilo ndilo lililopaswa kufanywa tangu mwanzo.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuifuta hifadhi ya Wahaiti wapatao nusu milioni, wakati huo huo ikiwaonya raia wake wasithubutu kusafiri Haiti.