Kigawo Tasa katika Historia ya Fedha ya Kongo, 1967–1998

Makala haya mafupi yanakusudia kuichunguza namba moja nzima, 300,000,000,000,000, kama ushahidi wa historia. Tumchukulie mchimbaji wa Kipushi, mji wa shaba na zinki ulio mpakani mwa Zambia, karibu na Lubumbashi. Mwaka 1966 alilipwa kwa faranga. Mwaka 1998 faranga ilirudi kwa jina lilelile. Kwa hesabu ya serikali, moja mpya ilikuwa sawa na trilioni 300 za kale.

Namba hiyo ni zao la mageuzi matatu. Mwaka 1967 faranga 1,000 zilifanywa zaire 1, iliyokuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Oktoba 1993 zaire 3,000,000 zilifanywa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zilifanywa faranga 1.

Tukiivunja katika vigawo tasa, tunapata 2 na 5, kila kimoja kwa kipeo cha 14, pamoja na 3 moja tu. Mageuzi ya kwanza na ya mwisho yalifuata vipeo vya kumi: hata asiyejua kugawanya aliweza kufuta sifuri akapata jibu. Ile 3 ni alama ya mwaka 1993 peke yake, nayo haifutiki hivyo. Noti ya zaire 5,000,000, iliyotolewa mwaka 1992, iligeuka zaire mpya 1.666..., desimali isiyo na kikomo. Noti mpya iliyo ndogo kabisa, ya likuta 1, ilidai zaire 30,000. Akiba iliyopungua hapo haikuwa na noti ya kuipokea. Kwa kima cha mwaka 1967, zaire hizo zingalikuwa dola 60,000.

Kwa hiyo mabaki ya mgawanyo huo yaliwaangukia wenye fedha kidogo, katika mwaka uleule ambao mgodi wa Kipushi ulisimama, usizalishe tena hadi mwaka 2024. Majimbo ya Kasai, kwa upande wao, yalizikataa noti mpya na kuendelea na za kale.

Likuta ilitoweka pamoja na zaire, lakini wingi wake, makuta, umebaki katika Kiswahili cha Kongo kwa maana ya fedha yoyote. Inafaa wanafunzi wa lugha wakusanye pia maneno ambayo wazee wa Kipushi waliyatumia kuhesabia mamilioni yale, wangali hai.