Cheni, Picha za Angani na Simu: Historia ya Vifaa vya Kuchora Ramani za Mashamba Mautuma

Mautuma ni wadi ya eneo bunge la Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, jirani na Turbo iliyoko upande wa Uasin Gishu. Katika sehemu za kusini mwa kaunti hiyo mipaka ya mashamba ilitokana kwa muda mrefu na makazi ya koo na ugawaji wa urithi, hali mashamba ya Mautuma yalichorwa kwanza kwenye karatasi, yakapigwa vigingi, ndipo familia zikahamia. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaweza kukishika kifaa cha kuchorea ramani, na nani anaweza kukielewa kilichochorwa, si geni katika eneo hili wala halikuletwa na simu za mkononi.

Mautuma ya leo ilizaliwa na mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962, uliojulikana kama Mpango wa Ekari Milioni Moja, ambao kwao serikali ilinunua mashamba ya walowezi katika Nyanda za Juu za Wazungu na kuyagawa kwa Waafrika. Fedha zilitoka hasa kwa serikali ya Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 takriban familia 35,000 zilikuwa zimepewa ardhi nchini kote. Lugari ilipokea Waluhya wengi waliotoka maeneo yenye msongamano wa watu kama Maragoli. Ardhi hiyo haikutolewa bure, kwani kila familia ilichukua mkopo kutoka Mfuko wa Makazi, na hati miliki ilisubiri hadi deni limalizike. Hati ilipopatikana, ilibeba jina la wilaya, la sehemu ya usajili na namba ya kiwanja, ndiyo maana hadi leo nyaraka za ardhi za hapa huanza na maneno Kakamega/Mautuma. Namba hiyo haisemi lolote bila ramani inayoandamana nayo, kwa kuwa ni ramani inayoonyesha kiwanja kiko wapi na kinapakana na kipi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wapima ardhi nchini Kenya walitegemea cheni na, baadaye, utepe wa chuma. Cheni iliyoenea katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza ilibuniwa na mwanahisabati Edmund Gunter katika karne ya 17, ikiwa na urefu wa futi 66 uliogawanywa katika vipande 100 vya waya, kwa hesabu iliyofanya cheni mraba 10 ziwe ekari moja kamili. Kila baada ya vipande 10 kilining'inizwa kibati cha shaba chenye meno ya kuhesabika, jino moja kwenye 10, mawili kwenye 20, hadi manne kwenye 40, na cha katikati kikafanywa cha mviringo ili kisichanganywe na vingine. Vibati hivyo vilipangwa vilevile kutoka kila upande ili cheni isomwe kuanzia ncha yoyote, lakini urahisi huo ulizaa kosa lake, kwani kibati kilekile cha meno manne kilikuwa 40 kwa aliyehesabu kutoka ncha moja na 60 kwa aliyehesabu kutoka ncha nyingine. Kwa hiyo, hata kabla ya enzi ya kompyuta, kifaa kilichorahisishwa kwa mtumiaji kingeweza kumpotosha palepale kilipomrahisishia. Pamoja na kasoro hiyo, cheni ilikuwa na sifa moja isiyopatikana kwa wepesi katika vifaa vilivyofuata. Ililazwa juu ya ardhi mbele ya macho ya watu, na wenye mashamba jirani, hata wasiojua kusoma, waliona ilipoanzia, ilipopita na kigingi kilipopigwa.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliokusudia kuunganisha vipande vya ardhi vya Waafrika na kuvisajili, ulileta haja ya kupima maelfu ya mashamba madogo kwa haraka ambayo cheni isingeiweza, na hapo picha za angani zikapewa nafasi kubwa. Katika maeneo ya uunganishaji, wenye ardhi walitakiwa kupanda ua kwenye mipaka ili ndege itakaporudi kupiga picha, mistari ya miti ionekane na kuhamishiwa kwenye ramani. Ukubwa wa skeli, yaani uwiano kati ya umbali wa kwenye karatasi na umbali wa ardhini, ndio ulioamua ramani ingemfaa nani. Katika ramani ya jumla ya nchi ya skeli ya 1:50,000, shamba la mraba la ekari moja lina upande wa zaidi kidogo ya milimita moja, kwa hiyo laweza kufunikwa na ncha ya kalamu, hali katika skeli ya 1:2,500, iliyotumika sana kusajili mashamba madogo, upande huo unafikia sentimita mbili na nusu.

Ramani za usajili zilizotokana na kazi hiyo zilikubaliwa kisheria kuwa za mipaka ya jumla, maana yake ni kwamba zinaonyesha takriban tu mahali shamba lilipo, na mpaka wenyewe unasomwa ardhini kwenye ua, mtaro au njia. Kanuni hiyo, iliyokuwemo katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, imeendelezwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, isipokuwa pale ambapo mpaka umepimwa na kuandikwa rasmi kuwa umethibitishwa. Kwa hiyo, mfumo wa ardhi wa Kenya ulijengwa juu ya mgawanyo wa kazi kati ya karatasi na ua: ofisi ilitunza ya kwanza, majirani wakautunza wa pili, na mzee wa kijiji, anayeitwa liguru, pamoja na chifu, wakasuluhisha pale viwili hivyo vilipotofautiana.

Vifaa vya kidijitali viliingia katika mfumo huo kwa hatua. Mwezi Mei 2000 Marekani iliondoa upotoshaji iliokuwa ikiutia kwa makusudi katika mawimbi ya GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaomjulisha mtu mahali alipo, na vipokezi vya bei nafuu vikaanza kufaa kwa kazi za nyanjani. Kizuizi cha kwanza hakikuonekana kwenye skrini hata kidogo. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa kijiodesia uitwao Arc 1960, ambao ni namna mahususi ya kukadiria umbo la dunia, wakati GPS hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84, na nukta ileile ikisomwa kwa msingi usio wake husogea takriban mita 300. Kwa fundi ramani jambo hili ni la kawaida, lakini kwa afisa wa kilimo aliyekabidhiwa kipokezi bila maelezo, lilitosha kuliweka shamba la mtu kwenye ardhi ya mwingine.

Hatua iliyofuata ilifanyika jirani kabisa na Mautuma. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa ya Eldoret na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, ulianza mwaka 2007 kuwapeleka washauri nyumba kwa nyumba kupima virusi vya UKIMWI, na baadaye, katika maeneo ya magharibi mwa Kenya likiwemo la Turbo, ukawapa simu za Android zenye programu ya Open Data Kit. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington chini ya Gaetano Borriello. Iliweka pamoja fomu, kamera na GPS, ikaonyesha swali moja kwa kila ukurasa, ikahifadhi majibu yote ndani ya simu hadi mtandao upatikane, na ilipochukua mahali ilimwonyesha mtumiaji kwa mita jinsi kipimo kilivyokuwa sahihi. Miaka hiyohiyo Kenya ilitoa mifano mingine: Ushahidi, jukwaa lililoundwa Januari 2008 kukusanya kwenye ramani taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, na Map Kibera, mradi wa mwaka 2009 ambamo vijana wa Kibera waliuchorea mtaa wao ramani huria. Kufikia sensa ya Agosti 2019, ya kwanza nchini kukusanya majibu kwa tableti, kifaa cha mkononi kilikuwa kimekuwa chombo cha kawaida cha dola.

Hata hivyo, urahisi ulioletwa na simu ni wa yule anayeishika. Simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea mahali kwa takriban mita tano, na chini ya mikalitusi kosa hukua. Katika shamba la nusu ekari lililogawanywa kwa urithi hadi kuwa ukanda wa upana wa mita 20 na urefu wa mita 100 hivi, mita tano ni robo ya upana mzima. Kwa mratibu wa mbegu na mbolea kiasi hicho huvumilika, kwa sababu anachotaka ni kukadiria eneo, lakini kwa ndugu wawili wanaogombea mstari wa mkonge uliopandwa na baba yao, hicho ndicho hasa kinachogombewa. Kifaa kinachochora mstari mwembamba, safi na wa rangi kali bila kuonyesha upana wa shaka yake kinatoa uhakika ambao hata sheria haikuudai kwa ramani zake zenyewe.

Kwa mtazamo wa historia hii, kifaa rafiki kwa mtumiaji hakiwezi kupimwa kwa wepesi wa vitufe pekee. Programu ya kazi za nyanjani katika eneo kama Mautuma inapaswa kufanya kazi bila mtandao, kusomeka juani, kutumia maneno ambayo wakulima wenyewe huyatumia, kuonyesha kosa kwa mita kando ya kila nukta, na kuuchora ua, mtaro na njia pamoja na mpaka, kwa kuwa alama hizo ndizo zenye uzito kisheria. Zaidi ya hayo, iwe na hatua ya lazima ambapo mstari uliotembelewa unaonyeshwa kwa majirani wa pande zote kabla ya kutumwa, na pingamizi lao linaandikwa humohumo. Cheni ililitimiza sharti hilo la mwisho bila mtu yeyote kulikusudia, kwa sababu haikuweza kufichwa. Simu haina ulazima huo, hivyo mbunifu wake hana budi kuuweka kwa makusudi, la sivyo mpimaji atakuwa amerahisishiwa kazi na mwenye shamba ameongezewa kesi.