Utaridi ya Mwana wa Bagamoyo

Ndugu zangu mliohitimu, nanyi vijana mlioko madarasani, nina deni la miaka karibu thelathini ambalo napenda kulilipa katika kurasa hizi.

Mimi ni mzaliwa wa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Kwetu mtu hutazama juu kwa ajili ya mvua; ndiyo nchi ya akina Kingalu, machifu waliosifika kwa kuita mvua. Shule ya msingi tuliimba sayari tisa, kuanzia Zebaki iliyo karibu na jua hadi Utaridi ya mwisho kabisa. Niliimba vizuri, wala sikuuliza majina yametoka wapi.

Tulipokuwa kidato cha kwanza, usiku mmoja bwenini, mwenzetu wa Bagamoyo akasema nimepotoka: Utaridi ndiyo ya kwanza. Nikamtolea kitabu. Akajibu, "Babu yangu ni nahodha wa jahazi. Alinionyesha Utaridi kwa kidole, alfajiri, chini kabisa juu ya bahari. Hiyo yako ya mwisho nani kaiona?" Bweni zima lilinishangilia mimi, kwa kuwa nilikuwa na kitabu. Yeye akabandikwa jina la Nahodha, kwa kejeli, mpaka kidato cha nne.

Alisema kweli. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyofika pwani kwa Kiarabu, na sayari zote hizo tano huonekana bila darubini. Ile ya mwisho, Pluto, iligunduliwa mwaka 1930. Mabaharia wa kale wangeipaje jina? Zebaki nayo ni ile metali ya majimaji ya kwenye vipimajoto. Waingereza huita metali na sayari kwa neno moja, Mercury, na nadhani mfasiri alishika metali. Utaridi ikabaki bila kituo, ikapelekwa mwisho wa mstari. (Sisi watumishi wa serikali twaujua uhamisho wa namna hiyo.)

Agosti 2006 wataalamu wa elimu ya nyota walikutana Prague wakaiondoa Pluto katika hesabu ya sayari. Kwa kitabu changu, basi, Utaridi imefutwa. Kumbe ipo, yalizunguka jua kwa siku 88.

Mwaka jana, nikiwa likizo Kinole, mpwa wangu aliniuliza ya tisa imekwenda wapi. Nilianza na mwezi, maana ndio aujuao. Koroboi ikawa jua, kichwa chake dunia, akashika chungwa kwa mkono ulionyooka na kugeuka polepole: akaona mwezi mchanga, nusu, kisha mpevu. Alirudia mpaka mafuta yakaisha.

Utaridi ilitushinda jioni, kwani kwetu jua huzama mapema nyuma ya milima. Tukaamka alfajiri siku tatu. Mbili zilikuwa za mawingu. Ya tatu mpwa alisema anaiona. Mimi na miwani yangu sikuona kitu.

Nahodha, ukija kwenye mkutano wetu, nakuomba radhi mbele ya wenzetu wa bweni. Kisha unionyeshe.