Kiondo, Kopo na Mfuko wa Plastiki

Msomaji, ukikaribishwa katika nyumba ya watu kando ya mji wa Nyeri, au Karatina, au Kerugoya, huenda ukaona juu ya kabati ua ambalo halinyauki. Petali zake zimekatwa katika chupa ya maji. Bua lake ni kipande cha waya. Na chombo kilichobeba ua hilo ni kopo la mafuta ya kujipaka lililovikwa uzi wa sufu. Mwenye nyumba atakuambia kwa furaha kwamba amelifanya mwenyewe, nawe utadhani kwamba ufundi huu ulizaliwa juzi. Sivyo. Historia yake ni ndefu kuliko ya plastiki yenyewe, na ndani yake mna jambo la kushangaza: mikono ile ile iliyojua kugeuza taka kuwa pambo ndiyo iliyokiweka kando chombo ambacho kingaliizuia taka hiyo isiingie nyumbani.

Chombo hicho ni kiondo. Wanawake wa Kikuyu walikisuka kwa nyuzi za magome ya vichaka, hasa kichaka kiitwacho mugio. Gome lilichunwa na kulainishwa, kisha nyuzi zikasokotwa kwa kiganja cha mkono juu ya paja. Ususi ulianza kitakoni, katikati kabisa, ukazunguka na kupanda mpaka mdomoni. Kazi ilichukua siku nyingi, na mwanamke hakuiacha kwa sababu ya safari. Aliweza kusuka huku akitembea. Kiondo kilipokamilika kilibebwa mgongoni, ukanda wake ukapita juu ya paji la uso, nacho kilichukua viazi, mahindi, maharagwe na kila kitu cha soko na shamba. Jomo Kenyatta, alipoandika kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu mwaka 1938, aliutaja ususi pamoja na uhunzi na ufinyanzi miongoni mwa kazi za ufundi za watu wake.

Baadaye likaja zao geni. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwanzoni mwa karne ya 20 zao hilo lilikuwa limevuka mpaka na kuingia Kenya, na baada ya muda wanawake wa milimani wakausokota mkonge kama walivyosokota gome. Kiondo hakikukataa uzi mgeni. Likumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Mji wa Nyeri ulianza kama ngome ya Waingereza mwaka 1902, na pamoja na askari na walowezi yakaja makopo. Mzungu alikula jamu akalitupa kopo. Kijana wa Kikuyu akaliokota, akalisugua likang'aa, akalivaa katika ndewe ya sikio lake iliyokwisha kutobolewa na kupanuliwa kwa desturi. Wageni wa siku zile waliandika habari hiyo kwa kucheka. Mimi sioni cha kuchekwa. Kijana yule alikuwa na mahali pa pambo tayari, akapata kitu chepesi, cha mviringo na cha kung'aa bila kutoa senti moja. Ni nani aliyekuwa na akili zaidi, aliyetupa au aliyeokota? Debe la mafuta ya taa nalo likawa ndoo, likanyooshwa likawa bati la kuezekea, na hatimaye likawa kipimo cha mahindi, ambacho hata leo masokoni wakitaja bei ya debe kila mtu anaelewa.

Plastiki ilikuja kwa mlango mwingine. Mfuko mwepesi wenye mikono miwili, ule uliojaa madukani mwetu kwa miaka mingi, ulibuniwa na Msweden aitwaye Sten Gustaf Thulin, na hati ya kuulinda uvumbuzi huo ilitolewa Marekani mwaka 1965. Mwanawe ameeleza kwamba baba yake alitaka kuokoa miti iliyokatwa kwa kutengeneza mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe aliukunja mfuko wake akautia mfukoni ili autumie tena. Sisi tuliupokea mfuko bila kupokea desturi hiyo. Kwa kuwa ulitolewa bure dukani, kiondo kikaonekana ni mzigo wa bibi kizee, hata msichana akaona haya kukibeba mjini. Na katika miaka hiyo hiyo wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wakinunua viondo vyetu kwa fedha nyingi na kuvitundika mabegani kama fahari!

Nilikuwa mtoto katika miaka ya 1990, na nakumbuka mifuko hiyo, ambayo tuliiita karatasi, ikining'inia kwenye nyua na kuziba mitaro. Sisi wavulana tuliifunga kwa kamba tukapata mpira. Mama zetu walifanya lililo bora zaidi. Mfuko ulioshwa, ukaanikwa, kisha ukakatwa kwa kuuzungusha kuanzia chini mpaka juu, ukawa ukanda mmoja mrefu usiokatika. Ukanda huo ukafumwa kwa sindano ya kroshia, rangi kwa rangi, ukatoka mkeka wa mlangoni, au kofia, au kitambaa cha meza. Mkeka mmoja ulimeza mifuko mingi mno. Lakini duka lilitoa mifuko kwa haraka kuliko sindano yoyote, na hapa ndipo ufundi ulipokutana na mpaka wake.

Aliyeuona mpaka huo waziwazi alikuwa binti wa Ihithe, Nyeri. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na wanawake wa vijijini walipokosa vyombo vya kuoteshea miche walitumia vyungu vilivyovunjika. Hakudharau kuokota na kutumia tena. Walakini, alipokuwa naibu waziri wa mazingira, mwaka 2005 alionya kwamba mifuko iliyotupwa hukusanya maji ya mvua na kuzalisha mbu wa malaria, naye akawahimiza watu wavirudie vikapu vyao. Serikali ilijaribu kuizuia mifuko myembamba mwaka 2007 na tena mwaka 2011, isifaulu. Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011 bila kuiona sheria iliyofanikiwa. Sheria hiyo ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 mtu haruhusiwi kuingia na chupa ya plastiki ya kutupwa katika mbuga ya Mlima Kenya wala ya Aberdare.

Wafumaji wa mikeka wakakosa malighafi yao. Je, tuwahurumie? Ndiyo, kwa kiasi. Lakini mkeka wa plastiki ukikaa juani huchakaa na kuvunjika vipande vidogo, navyo huoshwa na mvua mpaka mto Chania au Ragati. Na ua la chupa nililokuonyesha mwanzoni ni chupa bado: limecheleweshwa tu njiani kwenda jaani.

Kiondo kimerudi sokoni. Baadhi ya wasusi wamebaki na mkonge. Wengine hutumia uzi wa nailoni, na wengine hufumua nguo kuukuu za sufu ili wapate rangi. Ukienda Karatina, mwombe mmoja wao akuruhusu kukigeuza kiondo chake juu chini, utazame kitako. Uzi umetoka kiwandani, lakini umeanzia katikati kabisa, ukazunguka na kupanda, kama ulivyozunguka uzi wa mugio.