Hofu ya Mwaka 2000 na Fedha Zilizoifuata

Washarika wa rika langu mtakumbuka Desemba 1999. Redio zilisema kompyuta za dunia huenda zikachanganyikiwa usiku wa kuamkia Januari 1. Chanzo kilikuwa kidogo tu. Zamani nafasi ya kutunzia kumbukumbu ndani ya kompyuta ilikuwa ghali, hivyo mafundi waliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 67 badala ya 1967. Ikifika 00, mashine ingedhani ni 1900, na hesabu za mikopo, mishahara na pensheni zingevurugika.

Kampuni ya utafiti ya Gartner ilikadiria kuwa kurekebisha kasoro hiyo duniani kote kungegharimu kati ya dola bilioni 300 na 600. Wenye fedha wakanusa. Huko Marekani watu wakanunua hisa za kampuni zilizokuwa zikirekebisha programu, wengine kwa akiba yao ya uzeeni. Kazi ilikuwa ya kweli, nami siwabezi mafundi walioifanya. Bila wao madhara yangetokea. Lakini ilikuwa kazi yenye siku ya mwisho. Anayenunua hisa hununua miaka ijayo, na kazi hii haikuwa na miaka ijayo. Kisha soko la Nasdaq, lililojaa kampuni za kompyuta na intaneti, lilipita alama 5,000 Machi 2000, na kufikia Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake.

Sisi tulikuwa mbali na hayo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, likiwa na kampuni ya gesi ya oksijeni, kisha ikaja ya bia (hapo mchungaji ananyamaza). Hofu ilitufikia kwa mlango mwingine, mlango wa dini. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali zao wakingoja mwisho wa dunia. Tarehe ikapita. Machi 17, 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada.

Madibira hatukufika huko, ila mjomba wangu alimsikia mhubiri mmoja wa kupita. Wakati wenzake wakiandaa vitalu vya mpunga na kutengeneza majaruba, yeye aliuza maksai wawili kwa jirani. Alisema, nimwachie nani?

Ninapofundisha Yeremia sura ya 32 humkumbuka. Yerusalemu imezingirwa, nabii yuko kifungoni, naye mwenyewe ametabiri kuwa mji utatekwa. Bado ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, anaweka hati mbele ya mashahidi, na kuagiza zihifadhiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Msimu uliofuata mjomba alilima kwa maksai wale wale, safari hii kwa kuwakodi.